Tunatua Ngazija saa sita mchana: tupande Karthala siku hiyohiyo?

Swali: Kaka, shikamoo. Mimi na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari tunakwenda Ngazija, Komoro, kwa mara ya kwanza. Tunatua uwanja wa Hahaya Alhamisi saa sita mchana na kurudi Jumanne. Mwenzangu anasema siku ya kwanza tusiichezee: tukishaweka mizigo Moroni tuelekee mlima wa volkeno wa Karthala, tulale njiani, asubuhi tuwe kwenye kreta, lile shimo la kileleni. Mimi nasema tufike, tuoge, tulale. Tumebishana mpaka tumenuniana. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, dada. Mmekosea wote wawili, ila mwenzako amekosea kwa namna ya hatari zaidi. Kuanza kupanda alasiri ya siku ya kutua ni kujitakia usiku wa kuhangaika msituni. Kulala hotelini nako ni kuitupa alasiri nzima ambayo ingewaandaa kwa mlima kuliko mazoezi yoyote mliyofanya nyumbani. Siku ya kwanza kaeni chini, pwani, muujue mlima kwa kuukanyaga pale ulipofika baharini na vijijini, na mpange habari ya maji. Hayo mawili yakikaa sawa, kupanda kwenyewe ni kazi ya miguu tu.

Kwanza tumalize ugomvi kwa hesabu ya saa. Ndege ikitua saa sita, kuna foleni ya viza, ambayo hutolewa mnapofika, halafu kuna mizigo. Hesabuni kwamba mtatoka uwanjani saa saba na nusu. Hahaya iko kaskazini mwa Moroni, mwendo wa kama kilomita 20 kwa barabara ya pwani. Mkifika mjini, mkaweka mabegi na kula kitu, ni saa tisa. Njia inayotumika sana kupanda Karthala kwa anayetokea Moroni huanzia Mvouni, kijiji kilicho mteremkoni juu ya mji. Kutoka hapo hadi ukingo wa kreta ni mwendo wa saa sita kwa mwenye pumzi nzuri. Wengi hutumia nane. Jua huzama saa kumi na mbili na dakika zake. Maana yake giza litawakuta ndani ya msitu wenye mizizi mibichi na matope, hamjafika popote pa kujivunia, na mmeamka alfajiri ya siku hiyohiyo kuwahi ndege.

Tena mtakuwa mmekwenda wakati mlima umejifunika. Alfajiri kilele cha Karthala mara nyingi huwa wazi. Jua likishapanda, hewa yenye unyevu inatoka baharini inakwea mteremko, inapoa, inageuka ukungu, na kufikia mchana huoni hata mita hamsini mbele yako. Anayetaka kuiona kreta hupanga safari yake ili alfajiri imkute juu, au angalau awe ameanza kupanda kabla hakujapambazuka. Mwenzako anataka kuanza saa ambayo wenyeji wanakuwa wameshashuka.

Kuna watakaowatisha na ugonjwa wa mwinuko. Msiwasikilize sana. Kilele kina mita 2,361, na matatizo hayo kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Kinachochosha Karthala ni kwamba mnatoka usawa wa bahari na joto lake lote, mnapanda kutwa, kisha mnalala mahali penye baridi ya koti na kofia ya sufu. Kila mnapopanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi kama sita. Moroni ikiwa nyuzi 28 mchana, huko juu tegemeeni 14 au 15, na usiku chini ya hapo sana. Watu wa pwani tunabeba mafuta ya kujikinga na jua na kusahau soksi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo wageni wengi wa kisiwa hiki wanaposhangaa. Ngazija haina mto. Haina hata kijito kinachotiririka mwaka mzima. Na si kwa kukosa mvua: Moroni hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na mteremko wa magharibi juu ya mji hupata nyingi kupita hapo. Shida iko kwenye ardhi. Lava ya kisiwa hiki bado ni changa, imejaa nyufa na vitundu, na mvua ikianguka inazama palepale inapoangukia. Inashuka ndani kwa ndani mpaka inakutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu yake. Ndiyo maana visima vingi vya karibu na pwani vina ladha ya chumvi, na ndiyo maana vijijini kila nyumba yenye uwezo ina tangi au birika la kukinga mvua kutoka paani. Visiwa jirani vya Nzwani na Mwali, ambavyo ni vikongwe zaidi, vina mito, kwa sababu miamba yao imepata muda wa kuoza na kuwa udongo unaozuia maji.

Hili linawagusa ninyi moja kwa moja. Mlimani hakuna chemchemi wala bomba. Kila tone mtakalokunywa, la kupikia na la kutawadhia, mtalibeba kutoka chini. Kwa safari ya siku mbili mimi hupendekeza lita tano kwa kila mtu, na lita tano ni kilo tano mgongoni kabla hamjaweka hema, chakula na nguo. Kwa hiyo Alhamisi jioni nunueni maji ya chupa Moroni, muyapange ndani ya mabegi, myavae mabegi hayo na mpande ngazi za hotelini mara kadhaa. Mtajua papo hapo kama mnahitaji mpagazi. Mimi nadhani mnahitaji.

Na kwa matumizi ya kawaida, siku ya kwanza msinywe maji ya tangi mkadhani ni ya mvua kwa hiyo ni safi. Paa lina ndege, popo na majani. Karthala ilipolipuka Aprili na tena Novemba 2005, majivu yaliwaangukia watu hadi Moroni, yakaingia kwenye matangi na mabirika, na maelfu wakabaki na maji wasiyoweza kuyanywa. Mwaka 2024 Komoro ilikumbwa na kipindupindu. Chupa iliyofungwa au maji yaliyochemka, basi.

Haya, alasiri yenyewe. Mkiondoka Hahaya kwa gari, magari huko yanapita upande wa kulia wa barabara, na mkielekea kusini bahari iko kuliani mwenu na mlima kushotoni. Gawaneni madirisha. Wa kulia ataona mwamba mweusi umeingia mpaka majini, halafu ghafla fukwe ndogo za mchanga mweupe kama ule wa Itsandra. Mchanga huo ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Wa kushoto ataanza kuuliza mlima uko wapi, na kila mgeni huuliza hivyo. Karthala haikuchongoka kama mnavyoona milima kwenye picha. Lava yake ni ya majimaji, hutiririka mbali kabla ya kuganda, kwa hiyo tabaka juu ya tabaka limejenga mlima mpana, wa mteremko wa polepole, unaochukua sehemu kubwa ya kusini na katikati ya kisiwa. Mtakuwa mmeshaukanyaga muda mrefu kabla ya kuuona.

Njiani angalieni rangi za lava. Iliyo nyeusi tii na haina kitu juu yake ni ya karibuni. Ile yenye ukoga wa kijivu unaong'ang'ania jiwe imekaa kidogo. Ikianza kuota majani madogo kwenye nyufa, ina umri zaidi, na mahali palipo minazi na migomba juu ya udongo mwekundu pana umri mkubwa. Upande wenye mvua nyingi mambo hayo hwenda haraka, upande mkavu wa mashariki jiwe hubaki uchi muda mrefu. Mkishazoea kusoma rangi hizo barabarani, mtajua mlimani wapi pa kukanyaga kwa uhakika na wapi jiwe bado linavunjika chini ya mguu.

Moroni wekeni mizigo, kuleni, badilisheni fedha kidogo. Sarafu ni faranga ya Komoro, imefungwa kwa yuro kwa kiwango kisichobadilika, 491.97 hivi kwa yuro moja. Njooni na yuro taslimu, kwa kuwa kadi hazikubaliwi mahali pengi. Kisha saa kumi kodini teksi iwapeleke kusini, mkapite Iconi mfike Singani.

Hapa ningependa mkae zaidi ya mahali pengine popote siku hiyo. Mwaka 1977 Karthala ilipasuka ubavuni, mbali na kileleni, na lava ikashuka mpaka Singani ikafunika sehemu kubwa ya kijiji. Watu walirudi, wakajenga tena, na leo nyumba zimekaa kando ya mwamba huo na juu yake. Ni mtaa wa watu, si maonyesho. Salimieni kwanza, vaeni nguo za heshima, ombeni ruhusa kabla ya kuingia nyuma ya nyumba ya mtu na kabla ya kupiga picha. Kiswahili chenu kitawasaidia kuliko Kifaransa cha kubabaisha. Lugha zetu ni ndugu, na wazee wengi wana jamaa Unguja au waliwahi kuishi huko. Mkimpata mtu mzima aliyekuwapo wakati ule, huenda akawaonyesha kwa kidole nyumba ya baba yake ilikuwa wapi.

Mkiruhusiwa, vaeni viatu vilevile mtakavyopandia na mtembee juu ya lava kwa muda wa robo saa. Lava huganda kwa namna mbili. Kuna inayoganda laini juu, imejisokota mikunjo mikunjo, hiyo unatembea bila shida. Na kuna inayoganda huku bado inasukumwa, ikakatikakatika kuwa mabonge yenye ncha, na kila bonge limejaa vitundu ambavyo kingo zake ni kali kama chupa iliyopasuka. Ya pili ndiyo ya kujifunzia. Msiishike kwa kiganja kitupu mkiteleza. Nendeni taratibu, kisha kaeni kwenye ukuta mgeuze viatu mtazame soli. Raba laini za mjini zitakuwa zimeanza kuchanika. Kama soli imeachia hata kidogo, bora mjue Alhamisi mkiwa na teksi inawasubiri kuliko Jumapili mkiwa juu mnashuka. Guseni pia mwamba kwa nyuma ya mkono: kama jua lilikuwa kali, saa kumi na moja jioni bado utakuwa na moto. Mchana wa saa nane usingewezekana kuukalia.

Kitu kingine cha kutazama pale ni ninyi wenyewe. Nabashiri mwenzako atakuwa mbele. Mwangalie kama anageuka nyuma. Nimeongoza marafiki wengi, na wanaoelewana sana mjini ndio mara nyingi huachana njiani, kwa sababu kila mmoja anaona haya kumwambia mwenzake "nimechoka" au "unakwenda mbio". Mlimani mwongozaji hutangulia, anafuata mwenye mwendo mdogo, na mwenye mbio anakaa nyuma kabisa. Mkubaliane hilo palepale Singani, na mkubaliane jambo la pili: yeyote kati yenu akisema turudi, wote mnarudi, na hakuna kumlaumu mwenzako hotelini wala miaka kumi baadaye. Ukimya wenu wa sasa hivi wa kununiana unaniambia hili linahitaji kusemwa kwa sauti.

Mkirudi, jua likiwa bado lipo, simameni Iconi. Kuna kilima cha volkeno kimesimama kando ya bahari, na genge ambalo, kwa masimulizi ya Wangazija, wanawake walijirusha kutoka juu yake ili wasichukuliwe utumwani na wavamizi waliotoka Madagaska. Mtu wa Iconi atawasimulia vizuri kuliko mimi.

Kuoga baharini siku hiyo sikukatazi, lakini chagueni Itsandra au ufuo mwingine wenye mchanga ambako wenyeji wenyewe wanaoga, na muoge mkiwa mmejisitiri. Kwenye mwamba msiingie. Miamba ya matumbawe inayozunguka Ngazija ni myembamba, na nje yake sakafu inaporomoka ghafla, kwa sababu ubavu wa mlima unaendelea kushuka chini ya maji kwa mteremko mkali kuliko wa nchi kavu. Ni habari mbaya kwa mwogeleaji dhaifu, ila ndiyo iliyoipa Ngazija umaarufu wake. Gombesa, yule samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za madinosari mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, anaishi humo, kwenye mapango ya lava mita mia na zaidi chini ya maji, na wavuvi wa galawa walikuwa wakimvua kwa mshipi wa mkono bila kwenda mbali na ufuo. Aliyehifadhiwa mnaweza kumwona kwenye makumbusho ya CNDRS, kituo cha taifa cha nyaraka na utafiti wa kisayansi, Moroni. Nendeni Ijumaa asubuhi, Alhamisi hamtawahi.

CNDRS hiyohiyo ndiyo yenye kituo kinachofuatilia Karthala. Mlipuko wa mwisho ulikuwa Januari 2007, na tangu hapo mlima umetulia, jambo ambalo haliwapi ruhusa ya kuuchukulia kama kilima cha kawaida. Ulizeni hali yake ikoje wiki hiyo. Wageni huogopa lava, lakini lava ya huku mara nyingi mtu anaweza kuikimbia kwa miguu. Gesi ndiyo isiyoonekana: mwaka 1903 iliua watu 17. Kwa hiyo ndani ya ile bakuli kubwa ya juu, yenye upana wa kama kilomita 3 kwa 4, hamshuki sehemu ya bondeni bila mwongozaji, na mkisikia harufu ya yai viza ikizidi mnapanda juu, upande unaotoka upepo.

Jioni ya Alhamisi, baada ya isha, kaeni na mwongozaji. Msimwajiri kwa simu tu kabla ya kumwona. Mwulizeni atalala wapi yeye mwenyewe huko juu, anabeba maji kiasi gani, mvua ikinyesha usiku mtafanya nini, na lini mara ya mwisho alifika kwenye kreta. Anayejibu la pili bila kufikiri ndiye wenu. Anayewaambia maji yapo njiani, mshukuruni mumwache. Bei iandikwe kwenye karatasi: yeye, mpagazi, usafiri wa kwenda na kurudi Mvouni, na chakula chake. Mengi ya manung'uniko ninayoletewa yanatokana na kipengele hicho cha mwisho kutotajwa.

Hukuniambia ni mwezi gani. Kati ya Mei na Oktoba ni kipindi chenye unafuu wa mvua. Novemba hadi Aprili mvua ni kubwa na njia inakuwa ya utelezi, na hapo ningeongeza saa mbili kwenye kila hesabu niliyowapa.

Ijumaa msipange safari ya mlima. Mchana mji wote unaelekea msikitini, na mwongozaji wenu pia. Asubuhi nendeni makumbusho na soko la Volo Volo kununua vyakula, alasiri mkizunguka kaskazini mpaka Mitsamiouli na lile ziwa la chumvi lililokaa ndani ya shimo la volkeno kando ya bahari, ambalo wenyeji wa huko hulionyesha kwa jina la Kifaransa, Lac Salé. Jumamosi muwe Mvouni kabla ya adhana ya alfajiri, mlale juu, Jumapili alfajiri mwone kreta na kushuka. Jumatatu iacheni wazi: kama Jumamosi mvua itawafungia Moroni, mtapanda Jumapili, mtashuka Jumatatu, na ndege ya Jumanne haitawaacha.